Tanga Hushonwa Likijua Litapunguzwa

Leo mtanivumilia kidogo. Nataka kuongea kuhusu tanga la mashua, na mimi ni mtoto wa majani chai. Chai ya huku kwetu Kericho na Bomet inateremka Mombasa kuuzwa kwenye mnada kila wiki, lakini mimi mwenyewe bahari sijawahi kuiona kwa macho. Maoni juu ya tanga ninayo hata hivyo, na yamenipata kwa njia ya kazi.

Kuna wateja wangu wawili, mtu na mkewe, wanaozunguka dunia kwa mashua ya tanga. Wanalala humo, wanapika humo, na kwa sasa wametia nanga Kilifi. Wananitumia masaa na masaa ya video, mimi nakata, naweka maandishi, narudisha. Ukishakaa usiku tatu unakata video ya mtu anashona tanga, utajua mambo ya tanga upende usipende.

Kabla ya hapo nilidhani hesabu ni rahisi: tanga kubwa, mbio zaidi, kwisha. Kumbe upepo hauongezeki hivyo. Upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake kwenye kitambaa inakuwa mara nne. Yaani tanga linalokupeleka poa asubuhi linaweza kuilaza mashua ubavu jioni ya siku hiyo hiyo. Na ukiwa katikati ya bahari hakuna mahali pa kukimbilia. Kwa hivyo anayebuni tanga la safari ndefu ana swali moja analotanguliza: hili litapunguzwaje?

Wacha niwaeleze linavyofanya kazi. Tanga kuu la mashua ya kisasa ni pembetatu. Upande wa mbele umeshikana na mlingoti, upande wa chini umelala kwenye mti unaoitwa bumu. Ukingo wa nyuma ndio wenye siasa. Kwa mashua ya mashindano, ukingo huo unakatwa ukiwa na tumbo linalotokeza nje, ili kitambaa kiwe kikubwa zaidi, na tumbo linashikiliwa na fito ndefu zilizoingizwa kwenye mifuko. Ni tamu kwa mbio. Lakini kila fito ni kitu cha kuvunjika, kila mfuko ni mahali pa kuchanika, na tumbo likizidi linasuguana na kamba inayoshika mlingoti kwa nyuma. Msafiri wa mbali huambiwa apunguze tumbo. Anapoteza mwendo kiasi, anapata tanga litakalofika.

Halafu kuna mistari ya kupunguzia, kwa kawaida miwili au mitatu, inapita kwenye tanga kutoka mbele mpaka nyuma. Upepo ukikaza, unashusha tanga mpaka mstari wa kwanza ufike kwenye bumu, unafunga, unaendelea na safari. Ukikaza tena, wa pili. Mstari wa tatu unabakisha kipande kidogo tu, cha kukuwezesha kushika usukani dhoruba ipite.

Sasa hapa ndipo nilisimamisha video nikarudisha nyuma. Kwenye ncha za kila mstari, fundi hushona kitambaa tabaka juu ya tabaka, mpaka sindano inagoma. Kwa nini? Kwa sababu tanga likiwa dogo, mzigo wote unahamia kwenye hizo ncha. Sehemu ngumu kabisa za tanga zimewekwa pale litakapofungwa siku mbaya. Na zinashonwa mapema, nchi kavu, kabla ya upepo wowote.

Watu wa pwani yetu walilijua tatizo hilo zamani, wakalitatua kivingine. Jahazi kubwa lilibeba tanga la foromali, lile la mti mrefu ulioinama juu ya mlingoti. Lina nguvu ajabu, ila si la kukunjwa kwa mistari. Wakati Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait mwaka 1938 kuja huku Afrika Mashariki, alikuta kazi ya tanga ni mikono ya watu wengi. Upepo ukizidi, tanga kubwa linashushwa, linapandishwa dogo. Na kalenda nayo ilisaidia: kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha, na kusi ikichachamaa, Juni na Julai, unakaa bandarini. Hakuna aliyemwita nahodha aliyengoja bandarini mtu aliyefeli.

Hata sisi tunalijua jambo hili. Chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu, minne. Unakata kichaka mpaka kinabaki vijiti, miezi kadhaa huchumi kitu, na jirani hapiti akisema shamba limekufa. Anajua umepogoa.

Basi mbona mtoto akipunguza tanga ni aibu?

Nilipopata nafasi ya chuo kikuu, kijiji kilichanga. Kulikuwa na hema, wazee, mursik, na hotuba ya mjomba iliyochukua saa nzima. Mama alikuwa mchumaji kwenye shamba kubwa. Halafu mashine zikaja. Mliona kwenye habari Mei 2023, watu walivyozichoma hapa Kericho. Siku za kazi za mama zikapungua, na karo ilikuwa mbili: yangu, na ya dada yangu wa sekondari. Tukakaa chini, mama na mimi, tukapiga hesabu. Nikarudi nyumbani mwaka wa pili ili dada abaki shule. Uamuzi huo ningeufanya tena kesho.

Siku niliyorudi hapakuwa na hema, na sikuitegemea. Lakini hapakuwa na neno pia. Watu waliokuwa wananiita daktari njiani wakaanza kuangalia simu zao. Tulikuwa tumechanga pesa nyingi za kupandisha tanga, na hakuna aliyewahi kushona hata tabaka moja pale ambapo lingefungwa.

Kasoro mmoja. Jirani mwenye saiba ndogo pale sokoni alinipa ufunguo. Akasema akifunga saa moja jioni, kompyuta ni yangu mpaka asubuhi, stima atalipa yeye. Hapo ndipo nilijifunza kukata video. Hiyo ndiyo ncha iliyonishika.

Mnaniuliza kila siku nitarudi chuo lini. Jibu la kweli: dada anafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu. Akimaliza, nitaangalia upepo. Tanga lililofungwa halijachanika, lakini ukilisahau limefungwa hata upepo ukitulia, unabaki kuelea tu, na hilo nalijua pia.

Muhula huu kuna binamu yako, au mtoto wa jirani, atarudi nyumbani na sanduku lake. Usimuulize nini kiliharibika. Muulize anahitaji ufunguo wa wapi.