Motokaa Kuukuu na Safari ya Mvua



Siku hizi katika vijiji vyetu vya Ngara na Biharamulo si ajabu kumwona mtu aliyeuza kahawa yake, au ng'ombe wawili watatu, akirudi nyumbani na motokaa kuukuu. Watoto huikimbilia nyuma, majirani huja kuipapasa, na mwenyewe husimama kando akitabasamu. Sina neno juu ya furaha hiyo. Neno langu ni juu ya siku zinazofuata, hasa ikiwa motokaa hiyo yatakiwa kwenda safari ndefu wakati wa mvua. Mimi na kaka yangu tulinunua ya namna hiyo, nami nataka kuwaeleza jinsi tulivyoitengeneza kabla ya kuipeleka Mwanza, maana abiria wetu hakuwa mzigo wa maharage.

Abiria huyo ni mama yetu mzazi. Alianguka penye mteremko wa kisimani, mfupa wa nyonga ukavunjika, nao ukaunga vibaya. Tukapewa barua ya kumpeleka hospitali ya Bugando, na tarehe ya kuonana na daktari iliandikwa humo: wiki tatu mbele. Kutoka Ngara mpaka Mwanza si pungufu ya kilomita 350. Katika basi mtu huketi wima saa zote hizo, naye mama hawezi kuketi hata nusu saa bila kulia. Alitakiwa alale. Ndiyo sababu tulitafuta motokaa ndefu yenye nafasi ya godoro nyuma, na kwa fedha tulizokuwa nazo tulipata Land Rover ya zamani, ile ya mtindo wa tatu, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985.

Yafaa mjue kidogo asili ya motokaa hizi, maana asili yake hueleza ugonjwa wake. Ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Aliyeibuni ni Mwingereza, Maurice Wilks, ambaye alikuwa na shamba huko Wales na alitaka chombo cha kazi za shamba. Baada ya vita vikuu chuma kilikuwa haba Uingereza, kikigawiwa kwa kipimo, lakini alumini ilikuwapo. Basi bodi ikafanywa kwa alumini, na chesisi, yaani ule mfupa wa chini, ikafanywa kwa chuma. Alumini haili kutu kama chuma. Hapo ndipo mnunuzi hudanganyika: huona ubavu mzima, unang'aa, akadhani na mfupa ni mzima.

Kwa hiyo kabla hatujalipa hata senti, nilitandika gunia chini nikaingia uvunguni na nyundo ndogo. Piga chesisi polepole kila mahali, hasa karibu na springi za nyuma ambako matope hukaa. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya mtungi uliopasuka, na pengine nyundo huzama. Yetu ilikuwa na tundu moja upande wa kushoto, si kubwa, nasi tulimshusha muuzaji bei kwa ajili yake. Fundi alikata sehemu iliyooza akachomelea chuma kipya. Kuweka kiraka juu ya kutu si kutengeneza, ni kuficha. Halafu linganisheni namba iliyo katika chesisi na ile ya kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana, rudini nyumbani na fedha zenu.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu.

Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa yake. Baada ya kulipa kulibaki kiasi fulani. Yeye alitaka ipakwe rangi mpya ya kijani na viti vishonwe upya. Alisema, "Hatuwezi kumpeleka mama Mwanza katika debe lenye makovu. Watu watasemaje?" Nami nilitaka fedha zote ziende kwenye breki na matairi. Si vizuri kubishana na mkubwa mbele ya watoto, basi tulinyamaza siku mbili, kila mtu na lake. Siku ya tatu mama alituita kitandani. Alikuwa amesikia yote; nyumba zetu hazina kuta nene. Akamwuliza kaka, "Mwanangu, hiyo rangi itanishika mkono tukiteremka mlimani?" Kaka alicheka, akatoa fedha mfukoni, akaniwekea mkononi. Motokaa ilikwenda Mwanza na makovu yake.

Watu wengi wakinunua motokaa kuukuu huanza na injini, kwa kuwa injini ndiyo inayopiga kelele. Mimi nasema anzeni na vitu vinavyoisimamisha. Injini ikifa njiani, mtalala njiani. Ni taabu, lakini mtaamka. Breki zikifa kwenye milima ya Ngara, sina haja ya kumaliza sentensi hii. Ziwa Viktoria liko meta 1,134 juu ya bahari, na Ngara iko juu zaidi ya hapo kwa mamia ya meta. Maana yake ni kwamba kila aendaye Mwanza kutoka kwetu atateremka, apende asipende, na njiani atakutana na malori mazito yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura.

Land Rover hizi zina breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Tuliyafungua yote. Mawili ya nyuma yalikuwa na oili iliyovuja kutoka kwenye eksili, na breki shuu zilizolowa oili hazishiki hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Tukabadilisha sili, tukaweka breki shuu mpya. Kisha paipu za mpira. Kwa nje zaweza kuonekana nzima kumbe ndani zimevimba na kuziba. Ukiachia pedali, gurudumu hubaki limebanwa na kuchemka. Za miaka mingi zitupwe zote bila huruma. Tena maji ya breki yana tabia ambayo wengi hawaijui: huvuta unyevu wa hewa. Yakikaa miaka huwa yamechanganyika na maji, na kwenye mteremko mrefu ngoma zikipata moto maji hayo huchemka na kutoa mvuke. Mvuke hubonyea. Hapo dereva hukanyaga na pedali huzama mpaka sakafuni. Mwageni yote ya zamani, tieni mapya kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, na toeni hewa gurudumu moja baada ya jingine. Wala msikubali fundi atie oili ya injini humo kwa kuwa "ni oili tu". Huvimbisha raba na kuharibu kila kitu.

Breki ya mkono ya motokaa hizi nayo yataka maelezo. Haishiki magurudumu kama ya motokaa nyingine. Inashika shafti ya nyuma, pale inapotoka kwenye gia boksi. Kazi yake ni kuizuia motokaa iliyokwisha simama. Ukiivuta mkiwa mwendoni waweza kuvunja vyuma vya kati. Nilimweleza hivyo mpwa wangu, ambaye ndiye alikuwa dereva wa pili, nikamwambia ayarudie maneno hayo mara tatu mbele yangu. Alidhani namdharau. Hasha, nilitaka tu mkono wake ujue kabla ya kichwa.

Matairi. Tulikuta manne yenye meno marefu, meusi, mazuri kwa macho. Tafuteni ubavuni mwa tairi tarakimu nne zilizozungushiwa duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu yaliandikwa 3109, yaani yalitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2009. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Kwa kuinama vizuri niliona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Tukanunua manne mapya, na lililokuwa bora katika ya zamani likawa la akiba. Hapo ndipo fedha za rangi zilikokwenda, pamoja na jogoo wawili.

Huko Ulaya mtu akitengeneza motokaa kwa safari ya majira ya baridi huhofia barafu: maji ya rejeta yakiganda hupasua injini. Sisi hatuna barafu, tuna mvua, ukungu na matope, navyo vina sheria zao. Vipangusa kioo vilikuwa na raba ngumu kama ngozi ya ngoma. Raba mpya hazigharimu kitu kikubwa, na asubuhi katika vilima vya kwetu ukungu hufunika hata nyumba ya jirani. Taa zote zilijaribiwa usiku, mtu mmoja ndani na mwingine nje akitaja: kushoto, kulia, breki. Waya zilizokuwa wazi karibu na betri tulizifunga, kwa maana maji na umeme hawakai nyumba moja. Na baada ya kupita dimbwi kubwa, kanyageni breki kidogo kidogo mkienda polepole mpaka zikauke, maana ngoma zilizolowa huteleza.

Juu ya injini nitasema machache. Ya petroli ya motokaa hii ni sahili, silinda nne, na fundi yeyote wa zamani aijua. Tulimwaga oili, tukasafisha rejeta, tukabadilisha feni belti na mipira ya maji, tukatia plagi mpya na kusawazisha platini. Msisahau kwamba oili haiko katika injini peke yake. Gia boksi ina yake, sanduku la gia za nguvu lina yake, difu ya mbele na ya nyuma zina zao. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Difu yetu ya mbele ilitoka hivyo. Tankini mlikuwa na tope la vidole viwili. Tuliliosha, tukaweka chujio jipya.

Kisha, wasomaji wapenzi, hatukuondoka. Hili ndilo lililomchosha kaka kuliko yote. Kwa siku tano tuliipeleka sokoni na kurudi, kwanza tupu, halafu na magunia ya mchanga yenye uzito wa watu sita. Kila jioni nililala uvunguni na tochi kutazama panapodondoka. Siku ya pili mpira mmoja wa maji uliachia. Siku ya nne nati za gurudumu moja zilikuwa zimelegea, kama ilivyo desturi ya gurudumu lililofunguliwa karibuni. Hayo yote yangetupata msituni Biharamulo kama tungeondoka siku ile ile fundi alipotoa mikono.

Vitu tulivyobeba ni hivi: jembe, panga, kamba nene, mbao mbili za kuweka chini ya jeki isizame, maji madumu mawili, feni belti ya akiba, na turubai. Godoro tulilifunga sakafuni kwa mikanda, na mama tukamfunga juu yake kwa khanga zilizokunjwa, akilalamika kwamba twamfunga kama mbuzi wa sikukuu.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikinyesha. Mteremko wa kwanza niliuteremka kwa gia ya pili, nikigusa breki na kuachia, wala sikuzikandamiza mfululizo. Malori yalinipita yakipiga honi, yapite. Tulikunywa chai Nyakahura, tukageuka Lusahunga kuelekea Biharamulo mjini. Katika msitu ule, ambako miaka iliyopita mabasi yalikuwa yakisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi, siku hiyo waliotushambulia ni mbung'o tu, maana hufuata kitu chochote kinachokwenda. Kutoka Biharamulo hadi Bwanga ni lami, na baada ya hapo Geita na Sengerema. Pale Busisi tulikuwa tumezoea kungoja kivuko. Tangu Juni 2025 kuna daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Mama alituomba tumwinue kichwa alione ziwa pande zote mbili. Alitazama muda mrefu bila kusema.

Tulifika siku moja kabla ya tarehe. Petroli ilituishia kwa kipimo cha lita moja kwa kilomita sita, jambo ambalo kaka bado analitaja kila tukila chakula. Daktari amesema mama atarudi baada ya miezi mitatu apasuliwe, na kabla ya hapo nataka kubadilisha springi za nyuma, kwa kuwa penye mashimo karibu na kwetu alitupigia kelele. Kaka ameuliza kama safari hii patabaki kitu cha rangi. Nimemwambia tutaona bei ya springi kwanza.