Milimita 5 za Zebaki
Tramu namba 22 ya Utrecht hutoka stesheni kuu, hupita kandokando ya njia za baiskeli zisizo na mwisho na kuingia mji wa chuo kikuu. Kituo kimoja kabla ya mwisho wa safari ndipo ilipo Hospitali ya Watoto ya Wilhelmina. Nimekuja hapa kwa sababu madaktari wake ni miongoni mwa waliotangulia duniani kuunga umio wa vichanga kupitia matundu madogo kifuani, na wamejiuliza hadharani swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: gesi mnayompulizia mwanangu kifuani haitamdhuru ubongo?

Chumba cha upasuaji kimepashwa joto kwa makusudi, maana kichanga hupoa upesi. Mtoto hajafika kilo tatu. Damu yote aliyo nayo haijazi chupa ya soda. Amelazwa ubavu wa kushoto, nusu kifudifudi. Umio wake umekatika: kipande cha juu kimeishia njiani, cha chini kimejishika kwenye njia ya hewa. Hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000 hadi 4,500, na asiyetibiwa hawezi kumeza hata mate yake.

Cameron Haight wa Michigan alifanikiwa kuunga umio wa namna hii mwaka 1941 kwa kufungua kifua, na njia hiyo inaokoa watoto mpaka leo. Lakini baadhi yao wamekua na uti wa mgongo uliopinda au bega lisilokaa sawa. Hapo ndipo kamera inayopitishwa kwenye matundu madogo ilipopata hoja yake, kuanzia mwaka 1999.

Ili kamera ione, pafu la kulia lazima linywee. Hewa ya ukaa huingizwa polepole, na shinikizo halizidi milimita 5 za zebaki. Imechaguliwa gesi hiyo kwa kuwa haishiki moto panapotumika vifaa vya umeme, na kwa kuwa huyeyuka haraka katika damu, hivyo kiputo kikipenya mshipani hakidumu. Sifa hiyohiyo ndiyo inayotia hofu. Gesi inayoyeyuka haraka huingia damuni haraka, na kazi ya kuitoa inaliangukia hasa pafu la chini, ambalo nalo limelaliwa. Ikizidi, damu hugeuka kuwa na asidi na mishipa ya ubongo hutanuka.

Wageni wengi wangetazama skrini ya kamera, kwa kuwa picha zake ni za ajabu. Mimi nilivutwa na upande wa kichwa, aliposimama mtaalamu wa usingizi. Amebandika paji la uso la mtoto kipande chepesi kinachopitisha mwanga usioonekana na kukadiria oksijeni iliyomo ubongoni. Haiamini peke yake mashine inayopima pumzi inayotoka, maana pafu likibanwa huonyesha kiwango cha chini kuliko ukweli. Huchota matone ya damu kutoka mshipa wa ateri na kuyapima. Mara gesi ilipoanza kuingia, oksijeni ya damu ilishuka. Alisema neno moja. Mpasuaji akafungulia gesi itoke, akaondoa mikono, akangoja. Hakuna aliyenung'unika. Namba zilipopanda, wakaanza tena, taratibu zaidi.

Nadhani usalama wenyewe uko hapo: anayeweza kuamuru gesi isimamishwe si yule anayeshika sindano ya kushonea.

Mwaka 2016 timu ya Utrecht ilichapisha matokeo ya vichanga 15 waliopimwa hivi. Hewa ya ukaa ilipanda na asidi ikaongezeka wakati wa kupuliza, kisha vikarudi. Oksijeni ya ubongo haikubadilika kwa kiasi cha kutia shaka. Nafarijika, ila 15 ni wachache, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo. Tena kuna London. Mwaka 2013 hospitali ya Great Ormond Street ilitoa matokeo ya vichanga 20, na wale wenye tundu kwenye kiwambo cha kifua waliofanyiwa upasuaji kwa kamera walipata asidi kali ya muda mrefu. Mapafu yao huwa hayajakua vizuri tangu tumboni, kwa hiyo jibu la umio haliwezi kuazimwa likawa jibu lao.

Kwetu vichanga wengi wenye umio uliokatika hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, maziwa yameshawaingia mapafuni. Kwa hiyo nilimuuliza yule mtaalamu, hospitali inayotaka kuanza inunue nini kwanza. Alitaja mashine ya kupima gesi za damu, kisha wauguzi wa vichanga wa kutosha zamu ya usiku. Kamera aliitaja mwisho, na mimi nakubaliana naye: penye mpasuaji aliyezoea kufungua kifua na pasipo mtu wa kupima damu kila mara, kifua kifunguliwe.