Meno kumi na moja kwa siku moja

Tangu mama yetu arudi kutoka Kigali, kila anayetukuta Birere au mbele ya kanisa anauliza jambo lile lile: ni kweli walimtoa meno yote siku moja na kumwekea vyuma papo hapo? Ni kweli. Lakini siku yenyewe ilikuwa fupi. Kilichokuwa kirefu ni miezi minne ya kujitayarisha, na sisi binti zake watatu tumekubaliana kuieleza hapa, maana kuna mama mwingine anaanza safari hiyo hiyo. (Kalamu ameshika mwalimu, lakini wadogo zake wamesoma kila mstari na kufuta mingine.)

Mama ana miaka 63, na kisukari amekaa nacho miaka tisa. Alikuwa amebaki na meno matano juu na sita ya mbele chini, yote yakitikisika. Kosa lote alikuwa analitupia maji ya volkano. Kweli, huku kwetu chini ya Nyiragongo maji ya sehemu nyingi yana floridi nyingi, na darasani tunaona watoto wenye madoadoa ya kahawia kwenye meno. Munganga wa meno alimweleza kwa upole kwamba floridi huchafua rangi ya jino, lakini meno yake yeye yameondolewa na ugonjwa wa fizi, na sukari ikiwa juu fizi huoza haraka zaidi. Mama hakupenda jibu hilo. Volkano haina dawa ya kumeza kila asubuhi, sukari inayo.

Meno ya kuvaa ya kawaida, yale ya plastiki, ya juu hushika vizuri kwa sababu yananyonya kwenye paa la kinywa. Ya chini ndiyo shida: ulimi unayasukuma, yanaelea, mtu anaacha kuyavaa na kuyatia kwenye kikombe. Dawa yake ni kupanda mizizi ya bandia kwenye mfupa wa taya, halafu meno ya kuvaa yanabanwa juu yake kama kifungo cha shati. Tulifikiri inahitajika mizizi sita au nane, na bei yake ilitufunga mdomo. Docta akatuambia kwamba tangu 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, mizizi miwili inatosha kuwa matibabu ya kuanzia. Miwili! Hapo tukaanza kupiga hesabu upya.

Mama aliogopa kutiwa chuma mwilini. Alisikia kitapata kutu. Lakini hiyo ni titani, si chuma cha misumari, na mfupa hukua ukaishika. Aliyegundua jambo hilo ni Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, na mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Mama alipiga hesabu: mwaka huo yeye alikuwa mtoto mdogo kabisa. Akanyamaza, tukaelewa amekubali.

Tulitaka yote yafanyike siku moja: kung'oa kumi na moja, kupanda miwili, kuvaa ya muda. Sababu yetu ilikuwa njia. Kutoka mpaka wa Gisenyi hadi Kigali ni saa tatu au nne za basi kwenye kona za milima, tena mpaka una saa zake, na kila safari ni dola. Docta akapima damu kwa kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Ikatoka 10,4. Akaweka karatasi mezani: «Mama, kwa sukari hii sikati. Kidonda hakitapona, na mfupa hautashika kitu.» Akatuambia pia kwamba siku moja au siku tatu huamuliwa na mwili wa mgonjwa, si na nauli. Tulirudi Goma mikono mitupu, na njia nzima mama hakusema neno.

Miezi mitatu iliyofuata ndiyo kazi yenyewe. Bugali ilipunguzwa nusu, lenga-lenga ikaongezwa, fanta ikatoka nyumbani hata kwa watoto, nao walinung'unika. Jioni mmoja wetu alitembea naye. Vidonge vilihesabiwa kila Jumapili. Na kuna jambo la kongo bololo: mama alikuwa anakunywa maji yake kila asubuhi bila kumwambia munganga yeyote. Majani hayo yanaweza kushusha sukari, na yakichanganyika na dawa ya hospitali mtu anaweza kuanguka. Wamama, orodha ya dawa mnayompelekea munganga iwe na za majani pia. Aspirini ndogo ya moyo nayo tuliitaja. Jirani alimshauri aiache wiki nzima ili damu isimwagike. Docta alikataa, akasema dawa ya kulainisha damu haiachwi bila neno la munganga aliyeiandika, na damu ya fizi ana njia za kuizuia. Kipimo cha pili kilitoka 7,6.

Pesa ilitoka AVEC yetu, maana benki za Goma zilifungwa mwezi wa kwanza 2025, na kilichobaki kilikuwa sanduku la makufuli matatu. Mkutano ule haukuwa rahisi. Mama mmoja aliuliza, bila ubaya, meno ni ya nini kwa mtu wa umri ule, wakati wengine wanaomba mkopo wa bidhaa. Mama yetu alijibu mwenyewe, mkono ukiwa mbele ya mdomo kama alivyozoea. Alisema ana miaka miwili hasemi kwenye mahari za watoto wa familia, yeye aliyekuwa msemaji, na msibani hula nyumbani kwanza ili asionekane. Mkopo ulipita. Tunaulipa hadi mwezi wa pili.

Siku yenyewe ilikuwa ya sindano za ganzi tu, kwa hiyo alikula uji na kumeza dawa zake kama kawaida. Atakayelazwa usingizi asifanye hivyo: afunge kwa saa atakazoambiwa na munganga. Ilichukua saa mbili na nusu. Tulilala Kigali usiku mbili kwa mama mdogo, na hilo tunalisisitiza, kwa sababu meno ya muda ya juu hayatolewi saa 24 za kwanza. Mama alitaka kuyaosha usiku ule ule, tukakaa naye zamu. Kuuma pamba ya hospitali nusu saa, kutotema mate, barafu kwenye shavu siku ya kwanza, kichwa juu ya mito miwili. Uvimbe ulizidi siku ya pili na ya tatu, na mtoto asiyeonywa angepiga kelele akimwona bibi yake. Maji ya chumvi ya uvuguvugu tulianza kesho yake, polepole, bila kusukutua kwa nguvu.

Chakula tulikuwa tumekiweka tayari kabla ya safari: uji wa soya, viazi vya kuponda, avoka, mayai, baadaye sambaza iliyosagwa. Fromaji ya Masisi aliifikia wiki ya tatu.

Sasa ni mwezi wa tatu. Meno ya chini bado yanaelea, kwa sababu mizizi inangoja mfupa uishike, miezi mitatu hadi sita. Tuna tarehe ya kurudi Kigali kuyabana. Kipimo cha sukari kitarudiwa wiki moja kabla, na lenga-lenga ingali mezani.