Vioja Vimehama Porini

Dereva anayesubiri kushusha kontena Masoro, jijini Kigali, hana kazi nyingine ila kusimulia. Njia ya kutoka Dar es Salaam inakaribia kilomita 1,500, na kila mtu anafika na kioja chake. Nimezisikia simulizi hizo tangu tulipokuwa tukishusha Gikondo, kabla bandari kavu ya Masoro haijazinduliwa Oktoba 2019. Barabara imebadilika, na vioja vyake pia.

Zamani kioja kilikuwa cha porini. Kwenye Mlima Sekenke, kati ya Singida na Igunga, ungekuta lori limelala ubavu na utingo amepika ugali kando yake, amekwisha kuzoeana na nyani. Ukifika Lusahunga hukuruhusiwa kuondoka peke yako. Majambazi walikuwa wamejichimbia katika mapori ya Biharamulo na Ngara, hivyo magari yaliunganishwa msafara na askari wenye bunduki wakapanda. Eskoti hiyo ilifanya lori la saruji lilindwe kama benki.

Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, wakongwe hawakutania. Daraja la zamani lilipitisha lori moja moja, na wakati wa kungoja zamu walituonyesha walikopita wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari: takriban robo milioni, ndani ya siku moja hivi, huku mto Kagera ukibeba maiti.

Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa Aprili 2016. Tangu hapo hatukukaa sana mpakani, na kioja kikawa utaratibu wa Rwanda yenyewe. Ukivuka tu, unahama kushoto kwenda kulia. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita gari lililo mbele huoni kitu. Utingo ndiye anayechungulia dirishani: "Bado, mzee! Bado! Haya, twende." Milimani kuelekea Rwamagana, vijana wa baiskeli wanajishikiza nyuma ya trela ili wavutwe hadi juu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi, barabara inakuwa tupu na maduka yamefungwa, kwa sababu watu wako na majembe yao kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Utingo wangu mmoja, safari yake ya kwanza, aliniuliza kama serikali imepinduliwa.

Mwaka 2020 zamu ya kuwa kioja ikatuangukia sisi. Kwa sababu ya korona, Rwanda iliagiza malori yabadilishiwe madereva mpakani au mizigo ihamishwe. Tulikwama Rusumo, foleni ikarefuka, na mzigo mwingine ukashushiwa Kiyanzi, upande wa Rwanda. Mama aliyezoea kutuita "wanangu" alitaka hela ya ndizi iwekwe juu ya jiwe, kisha turudi nyuma. Watoto walitutazama kwa mbali, kama sisi tulivyokuwa tukiwatazama tembo.

Wanyama nao wakageuka mizigo. Novemba 2021 vifaru weupe 30 walishushwa Kigali kutoka Afrika Kusini kwa ndege aina ya Boeing 747, wakapakiwa kwenye malori kuelekea hifadhi ya Akagera. Masoro hatukuongea jambo jingine. Tulitaka kujua dereva wa mzigo ule alipandaje mlima, maana mzigo wa kontena hausogei, lakini kifaru akigeuka je?

Siku hizi vijana wanatoa simu kurekodi treni ya umeme. Tangu 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mahali fulani inakupita ukiwa bado unabadilisha gia. Wao wanafurahia mwendo wake. Mimi nahesabu mabehewa na kuyageuza makontena, kwa kuwa mpango wa kuifikisha reli Kigali kupitia Isaka na Rusumo upo mezani. Ikifika kweli, mtoto wa Masoro atawaita wenzake waje wamwone mtu aliyeleta kontena kwa barabara kutoka baharini. Nitamwomba anipige picha upande ambao kioo hakijapasuka.