Mama Anasoma Jumamosi

Wahenga walisema elimu ni bahari, nasi wanafunzi tunapenda kuanzia insha zetu kwenye methali hiyo. Mimi nitaitaja mara hii tu, kwa sababu namjua mtu anayeogelea katika bahari hiyo siku za Jumamosi. Mtu huyo ni mama yangu mzazi. Ni mwalimu wa hisabati wa kidato cha tano na cha sita katika shule moja nje kidogo ya mji wa Masaka, Uganda. Amefundisha miaka 21. Tangu Agosti 2022 anasomea shahada ya uzamili ya ufundishaji wa hisabati, kwa mpango wa Jumamosi na likizo, katika chuo kikuu kilekile cha Kampala ambako mimi nasomea ualimu wa Kiswahili.

Wenzangu wanaomwona maktabani huniuliza swali moja: mwalimu mwenye kazi, mshahara na watoto wakubwa anatafuta nini tena? Insha hii ni jibu langu kwao, na pia kwa wahadhiri wetu, ambao huwaona wanafunzi wa Jumamosi wakisinzia saa nane mchana na pengine hawajui wametoka wapi.

Kwa wasomaji wa nchi jirani, nieleze kwanza kazi anayoifanya. Uganda tuna kidato cha tano na cha sita baada ya miaka minne ya kwanza ya sekondari. Anayechagua hisabati kama somo kuu hufanya karatasi mbili za baraza letu la mitihani, UNEB, kila moja ya saa tatu. Karatasi ya kwanza ni hisabati ya nadharia: aljebra, trigonometria, vekta, kalkulasi na ndugu zake. Ya pili ni hisabati tumizi, nayo ina sehemu tatu: takwimu na uwezekano, mekanika, na mbinu za kukadiria majibu kwa namba pale ambapo jibu kamili halipatikani kwa urahisi. Katika shule nyingi mwalimu mmoja au wawili hubeba mzigo huo wote. Mama aliyasoma mambo hayo chuoni ujanani, kisha akayafundisha mwaka baada ya mwaka huku akikimbizana na silabasi. Anasema mwalimu wa namna hiyo hufanana na dereva wa basi: njia anaijua hata usiku, lakini hajashuka kamwe kuvitazama vijiji.

Fedha ndizo zilizomfungulia mlango, na fedha karibu zimfungie. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na hisabati ilihesabiwa katika sayansi. Walimu wa masomo ya sanaa hawakupata nyongeza hiyo, na mwezi Juni mwaka huo waligoma. Nyumbani kwetu habari hiyo ilikaa meza moja, kwa sababu baba ni mwalimu wa Historia. Yeye na mama walihitimu mwaka mmoja, wanasahihisha madaftari chini ya taa moja, lakini ghafla mshahara wa mmoja ukawa zaidi ya mara mbili ya wa mwenzake. Sikumsikia baba akilalamika mbele ya mama. Alilalamika redioni ilipozungumza, yaani alijibizana na mtangazaji.

Ndugu na majirani walikuwa na ushauri mwingi. Nyumba yetu ilikuwa imefika kwenye madirisha tangu 2019, na kila aliyepita aliuliza mabati yanakuja lini. Mama alikaa na kalamu akagawa fedha mafungu matatu: mkopo wa zamani, ada yangu, na ada yake mwenyewe. Nyumba haikupata fungu. Mwalimu mwenzake mmoja alimwambia wazi kuwa uzamili hautamwongezea hata shilingi moja maadamu anabaki darasani, na mama hakumpinga. Alijibu kwamba hesabu hiyo ameshaipiga.

Hesabu aliyokuwa hajaipiga ilikuja Mei 2023. Wiki za mitihani zilikaribia, na chuoni kwetu asiyemaliza ada haingii chumba cha mtihani. Gharama zilikuwa zimepanda, bibi alikuwa amelazwa mwezi mzima, na fedha zilizobaki zilimtosha mtu mmoja. Mwezi huohuo mafuriko yaliikata barabara ya Kampala kwenda Masaka pale mto Katonga, magari yakazungushwa kupitia Sembabule. Mama aliondoka nyumbani Ijumaa adhuhuri akafika kwangu usiku, viatu vikiwa na tope. Aliniambia atalipa ada yangu, kisha ataandika barua ya kuahirisha masomo mwaka mzima. Nilimwambia niahirishe mimi, kwa kuwa ni kijana na ninao muda. Alikataa. Mwalimu wa hisabati akishaandika jibu na kulipigia mstari chini, si rahisi kumfanya alifute.

Aliyelifuta alikuwa baba. Ghalani alikuwa na magunia ya kiboko, ndivyo tunavyoiita kahawa iliyokaushwa na maganda yake, aliyoyaweka akiba kwa ajili ya mabati. Aliyauza yote Jumatatu bila kumwuliza mtu. Mama alipopiga simu kumlaumu, baba alisema, "Mama Nakato, mabati hayana mtihani Jumamosi." Tulifanya mitihani wote wawili. Hadi leo nyumba iko kwenye madirisha, na mvua ikinyesha majani huota ndani ya sebule.

Je, tulichokinunua kwa mabati hayo ni nini? Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu bila mfano maneno yangu yatakuwa sifa tupu za mtoto kwa mzazi wake.

Wanafunzi wa kidato cha sita hufundishwa njia ya Newton na Raphson ya kutafuta jibu la mlinganyo. Unaanza na namba ya kukisia, unachora mstari unaoigusa grafu mahali hapo, unatazama mstari huo unakata wapi mhimili wa x, kisha unaanza upya kutoka hapo. Kwa kipeuo cha pili cha 2, njia hiyo inakuwa rahisi ajabu: chukua kisio lako, chukua pia 2 gawanya kwa kisio hilo, halafu tafuta wastani wa hizo mbili. Ukianza na 1 unapata 1.5, kisha 1.4167, kisha 1.414216, na jibu lenyewe ni 1.414214 na kuendelea. Hatua tatu tu! Mama alinionyesha hilo Ijumaa moja juu ya karatasi iliyofungia chapati. Akaniambia pia kwamba njia hiyo ya wastani huhusishwa na Heron wa Alexandria, Misri, aliyeishi miaka mingi kabla ya Newton, na kwamba lipo bamba la udongo la Babeli lenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, sasa likiwa Chuo Kikuu cha Yale, ambalo lina kipeuo hichohicho kwa usahihi wa kushangaza. Kwa miaka mingi alikuwa akiifundisha kama kanuni ya mtihani tu. Sasa ilikuwa na ukoo.

Lakini Jumamosi ile mhadhiri aliwapa mlinganyo mwingine: x³ − 2x + 2 = 0, wakaanza na 0. Hatua ya kwanza inakupeleka kwenye 1. Hatua ya pili inakurudisha kwenye 0. Ya tatu tena 1, ya nne tena 0, na hivyo hivyo hata ukikaa hapo mpaka Krismasi. Jumatatu mama aliupeleka mlinganyo huo darasani bila kusema lolote. Wanafunzi walibonyeza vikokotoo vyao, wakatazamana, wakabonyeza tena. Kijana mmoja wa nyuma alisema, "Mwalimu, kikokotoo changu kimelewa." Darasa likacheka, halafu likanyamaza, kwa sababu vyote vilikuwa vimelewa sawasawa.

Mama aliwagawia karatasi za grafu. Walichora mistari miwili ile wakaona kwa macho yao jinsi kila mmoja unavyomtupa mtu mahali pa mwenzake. Kisha akawaambia waanze na −2. Wakapata −1.8, kisha karibu −1.77, ambako ndiko jibu liliko. Yule kijana wa kikokotoo kilicholewa akauliza, "Kwa hiyo inategemea umeanzia wapi?" Mama anasema katika miaka 21 hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza swali hilo, na swali hilo ndilo kiini cha mada nzima.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kusoma kwa mpango huu. Wapo wanaouita masomo ya nusu, kana kwamba anayekuja chuoni siku moja kwa juma amepata sehemu ndogo ya elimu. Mwanafunzi wa kutwa kama mimi husoma jambo Jumatatu na pengine akalijaribu baada ya miaka mitatu, akienda mazoezi ya kufundisha. Mama hulisoma Jumamosi, na keshokutwa yake vijana 47 humwambia kama limeeleweka au la. Jumamosi inayofuata hurudi kwa mhadhiri na maswali ambayo hayamo kitabuni. Hata tasnifu yake imetoka huko: anachunguza jinsi wanafunzi wa kidato cha sita wanavyoeleza, kwa maneno yao wenyewe, kwa nini njia ya kukadiria hufaulu mahali fulani na kushindwa kwingine.

Sitaki kupaka asali. Gharama ipo, na hailipwi kwa fedha peke yake. Shule yake ilitaka awepo Jumamosi, maana shule nyingi hufundisha vipindi vya ziada siku hiyo ili matokeo yapande. Walikubaliana afidie kwa kuanza saa kumi na mbili unusu asubuhi siku tatu za juma. Ndani ya basi anasahihisha madaftari hadi gari linapoanza kuruka mashimo. Likizo, wenzake wanapopalilia mashamba yao, yeye yuko darasani Kampala. Mdogo wangu wa darasa la sita alimwuliza siku moja, "Mama, wewe utamaliza shule lini?" Mama alicheka, lakini usiku aliniambia swali lile lilimchoma kuliko mtihani wowote.

Mimi mwanafunzi wa Kiswahili nimepata nini katika yote haya? Kwanza, nimepata mwanafunzi. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na mama akaanza kuniuliza maneno ya somo lake. Alishangaa kuona kuwa kipeo cha pili cha 3 ni 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Nilimwambia irabu hiyo moja ya u inanikumbusha funga na fungua, tega na tegua. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi lugha yenu imelijua jambo ambalo mimi hulieleza kwa kipindi kizima." Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi wake kwamba kipeuo hufungua kile ambacho kipeo kimefunga.

Pili, nimeona mustakabali wangu bila pazia. Nitakuwa mwalimu wa lugha, na kama mambo hayatabadilika, mshahara wangu utafanana na wa baba. Sidhani kwamba haki hiyo imekamilika, na nitaidai pamoja na wenzangu. Hata hivyo, nikimtazama baba aliyeuza kahawa yake kwa ajili ya kalkulasi, jambo ambalo yeye mwenyewe haielewi hata herufi moja, naona kwamba serikali inaweza kutenganisha sayansi na sanaa kwenye orodha ya mishahara, lakini nyumbani kwetu imeshindwa.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi dogo. Mnapopanga ratiba za walimu hawa, maktaba isifungwe mapema Jumamosi, na tarehe za mwisho za kazi zisiangukie wiki ambazo wao wenyewe wanasimamia mitihani ya shule zao. Kwa wenzangu, mtakapomwona maktabani mama wa makamo mwenye vumbi la chaki kwenye mkoba, msimpishe foleni kwa huruma. Muulizeni Jumatatu anafundisha nini. Mtakaa naye muda mrefu.

Tasnifu yake imefika sura ya nne. Baba ameanza tena kujaza ghala.