Ng'ombe wa New Zealand, makala ya Goma

Msikilizaji akiambiwa kwamba karibu nusu ya gesi zinazopasha dunia joto za inchi fulani zinatoka kwenye kilimo na ufugaji, anaweza kudhani wakulima wa huko ni wachafu kuliko wote. Inchi hiyo ni New Zealand. Watu wake ni kama milioni 5 tu, lakini ng'ombe ni karibu milioni 10, na kondoo wanapita milioni 20. Ng'ombe akicheua anatoa gesi ya methani, na nyingi inatokea mdomoni, si kule nyuma ambako vijana wanapenda kuchekea. Katika miaka 100, tani moja ya methani inapasha joto karibu mara 28 kuliko tani moja ya hewa ya kaboni.

Sasa Marekani. Huko kilimo ni kama asilimia 10 tu. Je, mfugaji wa Marekani ni safi zaidi? Hapana. Ng'ombe wake wanapita milioni 80. Ila sufuria ya Marekani imejaa vitu vingine: magari, ndege, viwanda, umeme wa gesi na wa makaa ya mawe. Ndani yake kilimo kinaonekana kidogo. New Zealand inapata umeme wake mwingi kwenye maji, basi ng'ombe ndio wanaobaki kuonekana. Ukipima kwa tani, kilimo cha Marekani kinatoa zaidi ya mara 10 kuliko kile cha New Zealand. Asilimia peke yake inadanganya.

Na asilimia ina bei. Mwezi wa kumi 2022, serikali ya Jacinda Ardern ilipendekeza wafugaji walipie gesi ya mifugo yao. Wakulima wakatoka barabarani na matrekta. Serikali ikabadilika, na mwaka 2024 mpango ule ukaachwa.

Wakulima wa Kivu hawana trekta ya kuleta barabarani. Hata hivyo hesabu hizi zinawagusa. Umeme wa Congo karibu wote ni wa maji, na wengi hawaupati kabisa. Gesi nyingi za inchi hii zinatokana na misitu inayokatwa. Mtu anakata, anachoma, analima muhogo misimu michache, udongo unachoka, anasogea mbele. Lakini katika hesabu za kimataifa miti ile inawekwa kwenye fungu la ardhi na misitu, hata kama ilikatwa kwa ajili ya shamba. Kwa hiyo anayesoma mstari wa kilimo peke yake hajasoma habari ya Congo.

Kuna jambo lingine ambalo karatasi hizo hazionyeshi. Familia zilizokimbia Masisi na Rutshuru ziliacha maharagi shambani, na wengine waliacha ng'ombe waliokuwa wakitoa maziwa ya jibini. Walipofika pembeni ya Goma walianza kupikia makala, ambayo mengi yanatoka upande wa Virunga. Mama aliyekuwa na shamba lake na kuni zake sasa anahesabiwa kati ya wanaomaliza msitu. Hakuna fungu lililoandikwa vita.

Mbabula iliyoboreshwa inapunguza makala kweli, na inafaa kugawiwa. Lakini mama hao wanahitaji pia njia ya kurudi shambani.