Saa Isiyo na Jiwe

Nunua saa yoyote ya ukutani ya bei rahisi pale River Road, uifungue kwa nyuma. Karibu na betri utaona mkebe wa bati, mdogo kama punje ya mchele. Ndani yake kuna kijiti cha kwatsi, ndiyo maana uso wa saa umeandikwa Quartz. Ukikipa umeme kinatetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka uigawe kwa mbili mara kumi na tano: unabaki na moja. Sekunde moja. Saa nzima ni kugawa kwa mbili tu.

Jiwe hili ni aminifu kuliko watu wengi ninaowajua. Kristali ya kawaida hukosea sehemu 20 hivi kwa milioni, yaani chini ya sekunde mbili kwa siku. Kwa hivyo fundi wangu wa Luthuli alikuwa na haki kuniuliza, "Si uweke tu kristali, boss? Ni mbao."

Ni mbao, ndio. Lakini mimi naunda vibodi vya kufungua na kufunga maji. Kisima kimoja Makueni, nyumba kumi na mbili, kila nyumba nusu saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Kibodi kinasafiri kwa basi, halafu kwa boda, halafu kinafungwa juu ya nguzo na mtu mwenye haraka. Kristali ikianguka vibaya huvunjika ndani ya mkebe wake bila hata alama kwa nje. Ikifa, chipu inanyamaza na maji hayafunguki, na huko hakuna mtu wa solda. Chipu peke yake, ukiizamisha kwenye gundi ngumu, unaweza kuirusha ukutani na bado ikafanya kazi.

Na chipu ina njia yake ya kuhesabu. Ndani kuna rezista na kapasita: kapasita inajaa umeme, inafika kiwango, inamwagwa, inajaa tena. Ni kama kukinga mtungi bombani. Muda unategemea upana wa bomba na ukubwa wa mtungi, na kiwandani hakuna mitungi miwili inayotoka sawasawa. Ile ATmega328P ambayo wengi wetu tulijifunzia kwenye Arduino, karatasi zake zenyewe zinasema saa ya ndani ya megahezi 8 inaweza kukosea hadi asilimia 10 kama ilivyotoka kiwandani. Asilimia 10 ya siku ni saa mbili na dakika 24! Kuna rejista inaitwa OSCCAL. Unaandika humo namba, mwendo unapanda au unashuka, na ukiwa na subira unafika asilimia 1. Hiyo nayo ni dakika 14 kwa siku. Wiki moja baadaye mtu anafika na mitungi yake kumbe maji yalishahamia kwa jirani.

Lakini kilichoninyima usingizi ni joto. Chipu yangu ikipata joto inakimbia. Asubuhi nguzo ni baridi, saa saba kile kiboksi kinachoma mkono. Tuseme inakimbia kwa asilimia 2: nusu saa ya nyumba ya mwisho inapungua sekunde 36. Unaweza kucheka. Bomba lile linajaza mtungi wa lita 20 kwa dakika moja, kwa hiyo hizo ni lita 12, kila siku, kutoka nyumba ileile, na hakuna mtu angewahi kujua. Wangegombana na jirani. Wangesema bomba limeziba. Nani angeshuku kapasita?

Wakubwa wana ujanja wao. Chipu kama STM32F042 inaongea USB bila kristali yoyote, na USB ya mwendo huo haivumilii kosa la zaidi ya asilimia 0.25. Inafanyaje? Inasikiliza. Kompyuta hutuma ishara fupi kila milisekunde moja. Chipu inahesabu mapigo yake katikati ya ishara mbili: kwa megahezi 48 yanapaswa kuwa 48,000. Yakizidi, inajipunguza kidogo. Yakipungua, inajiongeza. Haina usahihi wake yenyewe hata kidogo. Inaazima wa mwingine mara elfu moja kwa sekunde.

Sasa, juu ya nguzo Makueni utaazima kwa nani? Mtandao wa simu unajua saa, lakini laini inataka kredo, na nilishaona vikundi vya maji vikivunjika kwa hela ndogo kuliko hiyo. Nilikuwa namweleza mwenyekiti haya yote, akanikatiza. "Kijana, hiyo kitu yako inakula jua kutwa nzima na haijui ni saa ngapi?"

Nilikuwa na paneli ya sola pale pale.

Sisi tunaosoma 7:00 kwenye simu na mdomo ukasema saa moja tunajua kuhesabu kutoka kwa jua. Chipu inaandika paneli imeamka lini na imelala lini, inachukua katikati. Makueni katikati hiyo huangukia, kwa wastani, saa sita na nusu hivi mchana. Kutoka adhuhuri moja ya jua hadi nyingine si saa 24 kamili, lakini hata Desemba, jua linapochelewa kuliko miezi mingine, tofauti ni kama sekunde 30. Hiyo ni asilimia 0.035. Nimeweka jedwali dogo la miezi kumi na mbili, maana sekunde hizo zikikusanyika zinafika robo saa.

Jua linarekebisha siku. Lile joto la saa saba halirekebishi. Hapo natumia kipimajoto kilichomo ndani ya chipu, ambacho ni kibaya kweli, kinaweza kukosea digrii 10. Lakini kinakosea vilevile kila siku, na nilipima kila chipu kivyake, baridi na moto, kabla ya kuimwagia gundi.

Mawingu ya Julai yanasogeza asubuhi, kwa hiyo nachukua wastani wa siku kumi. Kwa sasa kuna vibodi viwili kwenye nguzo: kimoja chenye kristali, kinatazama tu, kingine kisicho nayo ndicho kinachofungua maji. Nyumba ya kumi na mbili wana daftari, wanaandika mitungi. Wiki ya kwanza: 30, 29, 30, 30, 29, 30, 30. Nangojea jua la Februari.